Kuoanisha Spika ya Katikati na Spika Kongwe za Kifahari: Mwongozo kwa Wenye Homu Thieta Kigoma na Tabora

Katika filamu, maneno karibu yote ya wahusika hutoka kwenye chaneli ya katikati. Mwenye jozi nzuri ya spika za miaka ya 70, 80 au 90 akiweka katikati kispika chochote kilichopatikana dukani, mhusika anayevuka skrini hubadilika sauti mara mbili njiani: kushoto anaongea kwa kifua, katikati anaongea puani, kulia kifua kinarudi. Kuongeza sauti hakutibu hilo. Spika tatu za mbele zinatakiwa ziwe na rangi moja ya sauti, hasa kati ya Hz 200 na Hz 5,000, ambako matamshi ya binadamu yamejaa.

Jibu fupi: tafuta spika ya tatu iliyo sawa kabisa na hizo mbili. Zamani jambo hilo lilikuwa gumu, kwa sababu sumaku isiyokingwa ikikaa jirani na TV ya chogo hutia madoa ya rangi kwenye kioo. Ndiyo maana zilitengenezwa spika maalumu za katikati, zimelala na sumaku zimekingwa. TV bapa haijali sumaku, kwa hiyo kizuizi kilichobaki ni ukubwa wa boksi tu. Wala wazo si geni: Klipsch Heresy, ambayo leo watu huinunua kama jozi ya kawaida, ilianza mwaka 1957 ikiwa spika ya kukaa katikati ya spika mbili kubwa za Klipschorn za kampuni hiyo hiyo.

Hatua zinazofuata ni kwa anayeipata hiyo ya tatu, na zaidi kwa anayeikosa.

Hatua ya 1: Hakikisha jozi yenyewe ni nzima

Ukioanisha na spika zilizochoka, utanunua ya katikati isiyofaa, kisha siku utakapozitengeneza hizo mbili uanze upya.

Vua kava la mbele. Bonyeza ukingo wa koni kwa ncha ya kidole. Ukingo wa sponji uliokwisha hunata, hubaki na alama au humomonyoka. Nyingi hufikia hali hiyo baada ya miaka 15 hadi 20, na unyevu wa kando ya Ziwa Tanganyika hauzisaidii. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Kama sponji imeisha upande mmoja, badilisha pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo besi zitatofautiana. Kabla gundi haijakauka, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haijakaa katikati ya sumaku. Ipange upya hapo hapo.

Zima amplifaya, chomoa waya wa spika, pima kwa multimita kwenye terminali. Spika ya omu 8 kawaida husoma 5.5 hadi 7. Ya omu 4 husoma takriban 3 hadi 3.8. Kushoto na kulia zikipishana kwa zaidi ya omu 0.5, kuna kitu hakiko sawa. Kumbuka kwamba kipimo hiki kwa kawaida kinaona wufa (spika ya besi) tu. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) iko nyuma ya kapasita, hivyo chomoa waya wake mmoja ndani ya boksi ndipo uipime.

Fungua krosova, saketi ya ndani ya boksi inayogawa masafa kati ya wufa na twita. Kapasita za elektroliti za umri huo hubadilika thamani. Chomoa mguu mmoja, pima, na ikiwa imepotoka kwa zaidi ya asilimia 10 badilisha zote katika maboksi yote mawili kwa thamani iliyoandikwa, si kwa thamani uliyoipima. Ukiweka kapasita za plastiki ("film") badala ya elektroliti, twita inaweza kuwa kali kidogo, kwa kuwa kapasita mpya ina ukinzani mdogo wa ndani. Rezista ya omu 0.5 hadi 1 ikiungwa mfululizo na kapasita hiyo hurudisha hali ya awali.

Spika kama AR-3a na JBL L100 zina vitasa vya kupunguza na kuongeza sauti za juu. Hivi hushika kutu, na twita nyingi zinazodhaniwa zimekufa zimekatiwa njia na kitasa tu. Pulizia dawa ya kusafishia viunganishi, zungusha huku na huku mara 30, kisha weka vitasa vya maboksi yote mawili alama moja.

Hatua ya 2: Andika sifa zinazohusika

Aina ya twita ndiyo ya kwanza: kuba laini la hariri au kitambaa, kuba la chuma, honi, au utepe. Herufi s, sh na z zinatoka hapo, na sikio hukamata tofauti hapo mapema kuliko kwingine. Ya pili ni spika ya masafa ya kati: ukubwa na malighafi yake. Kisha masafa ambayo krosova inakabidhi kazi kutoka moja kwenda nyingine, halafu ufanisi kwa dB (ukubwa wa sauti kwa nguvu ileile) na ukinzani kwa omu. Besi usiipe uzito. Risiva (amplifaya ya homu thieta yenye menyu) inaweza kuihamishia kwingine.

Jina la kampuni peke yake halitoshi. KEF 104/2 ya mwaka 1984 ina twita yake katikati ya spika mbili za masafa ya kati. Mfumo wa Uni-Q, ambamo twita hukaa kwenye kitovu cha koni, ulikuja mwaka 1988. Ukichukua spika ya katikati ya KEF yenye Uni-Q ukaipeleka kwa 104/2, umeoanisha nembo tu.

Ufanisi nao una mtego. Karatasi nyingi hupima kwa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati 1, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa dB 90, kwa wati moja ni dB 87. Tofauti ya dB 3 inadai nguvu mara mbili, na dB 10 inadai mara kumi. Risiva inaweza kusawazisha viwango kwenye menyu, ila haiwezi kuzalisha wati isizokuwa nazo. Ndiyo sababu spika ndogo kama LS3/5A, yenye takriban dB 83, haifai kuwekwa katikati ya spika za honi zinazokaribia dB 100: ikisukumwa iwafikie jirani zake, koili yake inaungua kwanza.

Hatua ya 3: Mpangilio wa kutafuta

Ya kwanza ni spika ya tatu ya modeli ile ile. Mara nyingi zinauzwa kwa jozi. Nunua jozi nzima, tumia moja, nyingine ibaki akiba ya vipuri. Kwa mtu wa Kigoma anayesubiri twita kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi, akiba hiyo ina thamani kuliko bei yake. Kwa spika kama Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974, yenye makuba ya beriliamu kwa masafa ya kati na ya juu, hatushauri njia nyingine. Malighafi hiyo ni adimu, na boksi ni kilo 31, kwa hiyo meza ya TV iwe ya mbao ngumu kweli.

Ya pili ni spika ndogo ya familia ile ile, yenye twita ile ile na koni ya malighafi ile ile. Masafa ya chini yatapungua, lakini maneno yatafanana.

Ya tatu ni spika ya katikati iliyotengenezwa kwa ajili ya mfululizo huo huo wa spika.

Ya nne ni ya kampuni nyingine: twita ya aina moja, koni ya kati inayokaribiana ukubwa, ufanisi usiopishana zaidi ya dB 3. Hapa usinunue kwa karatasi. Nenda hatua ya 4.

Ya tano ni kutoweka kitu. Kwenye menyu chagua "Center: None", na risiva itagawa sauti ya katikati kwa kushoto na kulia. Kwa watu wawili waliokaa katikati ya kochi, jozi nzuri bila ya katikati ni bora kuliko jozi nzuri yenye ya katikati mbovu. Anayekaa pembeni ndiye ataona maneno yamehamia upande wake.

Mzigo ukisafirishwa kwa basi au treni ya Reli ya Kati, mwambie muuzaji akaze skrubu zote, afunike koni kwa kadibodi ngumu isiyoigusa, na boksi lisafiri limelala kwa mgongo, koni ikitazama juu. Sumaku nzito ikipigwa na boksi likiangushwa, huteleza kwenye gundi yake na koili hunaswa palepale. Spika hiyo haitatoa sauti wala koni haitasogea.

Hatua ya 4: Jaribio la bega kwa bega

Hili ndilo jaribio linaloamua, na ni rahisi. Watu hulikosea kwa kuilinganisha spika ikiwa chini ya TV na nyingine ikiwa pembeni, wakawa wanasikiliza chumba.

Weka spika unayoijaribu karibu kabisa na spika yako ya kushoto, twita zikiwa kimo kimoja, zote zikikutazama. Iunganishe kwenye terminali za kulia za amplifaya ya stereo. Cheza sauti ya mono, yaani ileile pande zote mbili. Sogeza kitasa cha balansi kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, na usawazishe ukubwa wa sauti kwa kipimo cha desibeli cha simu. Usiamini sikio kwa hili: yenye sauti kubwa kwa dB 1 tu huonekana ni bora.

Anza na sauti ya majaribio ya mchanganyiko wa masafa yote ("pink noise"), inayofanana na mvua ya mbali juu ya bati. Hii hufichua haraka kuliko muziki. Spika zilizooana hubadilisha mahali mvua inaponyesha. Zisizooana hubadilisha mvua yenyewe. Kisha cheza taarifa ya habari ya Kiswahili, msomaji wa kiume na wa kike. Sikiliza hivi:

- Sauti kama imetoka ndani ya ndoo: kuna ziada kati ya Hz 300 na 500. Mara nyingi ni boksi au meza, si spika.
- Mtu anaongea puani: karibu na Hz 800 hadi 1,000. Hili halirekebishiki kwa urahisi; achana na spika hiyo.
- "Sh" na "s" zinachoma: twita iko juu. Linatibika.
- Sauti ya kiume imekonda: boksi ni dogo. Linatibika kwa krosova ya risiva (hatua ya 8).

Twita ya omu 8 iliyo juu kwa kiasi cha dB 2 hushushwa kwa rezista mbili za wati 10: omu 1.5 mfululizo na twita, na omu 33 sambamba nayo, zote baada ya krosova. Mpangilio huo huifanya krosova iendelee kuona karibu omu 8, hivyo masafa ya makabidhiano hayahami. Rezista moja peke yake ingeyahamisha.

Hatua ya 5: Kulaza au kusimamisha

Spika nyingi za katikati zina wufa mbili na twita kati yake, zimelala. Umbo hilo linatosha chini ya TV lakini lina kasoro ya kifizikia. Chukua wufa zilizoachana sm 35 kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa Hz 1,500, wimbi moja lina urefu wa sm 23 hivi. Aliyekaa nyuzi 19 pembeni anapokea sauti ya wufa moja ikiwa imechelewa nusu wimbi, nazo zinafutana. Kwa umbali wa mita 3, nyuzi 19 ni kama mita 1 kutoka katikati, yaani mtu wa mwisho kwenye kochi la watu watatu. Ndiyo maana analalamika kuwa maneno hayaeleweki ilhali wewe uliye katikati husikii tatizo.

Kama kimo kinaruhusu, isimamishe. Kama TV imefungwa ukutani, ipandishe sm 20 ili spika ya kusimama ipate nafasi chini yake. Ukilazimika kulaza, tafuta yenye spika ndogo ya masafa ya kati chini ya twita, katikati ya wufa mbili. Hiyo haina kufutana huko, kwa kuwa wufa zake zinaachia kazi mapema.

Wapo wanaonunua spika ya tatu yenye boksi lililooza na kumpa seremala alitengeneze upya. Ni njia nzuri kwa sharti la vipimo: ujazo wa ndani uwe uleule, upana wa ubao wa mbele uwe uleule, na umbali kati ya twita na wufa usibadilike hata sm 1. Ubao wa mbele wa sm 25 huanza kuachia sauti izunguke nyuma karibu na Hz 460. Ukiufanya sm 50 kwa kulaza boksi, hatua hiyo inashuka hadi Hz 230 na rangi ya sauti inabadilika ingawa spika ni zilezile. Tumia plaiwudi ya mm 18 isiyo na mashimo ya ndani. Mninga wa Tabora ni mzuri kwa sura na kwa miguu, lakini ubao mzima hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, na viungo hufunguka.

Hatua ya 6: Mahali pa kukaa

Uso wa spika ya katikati ufike ukingoni mwa meza au utokeze kidogo. Ukiirudisha ndani, ubao wa meza unageuka kioo cha sauti na ile "ndoo" inatokea. Usiifungie ndani ya kabati.

Ielekeze kwenye masikio. Twita ikiwa sm 45 kutoka sakafuni, masikio sm 100, na kochi mita 3, inahitaji kuinama nyuma nyuzi 10 hivi. Kwa boksi lenye kina cha sm 30, inua upande wa mbele sm 5.5. Kabari mbili za mbao zenye vipande vya tyubu ya baiskeli juu na chini zinatosha, na tyubu inazuia meza isitetemeke.

Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya simenti, kuta za tofali zilizopigwa plasta na madirisha ya vioo. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaobaki hewani, hakuna spika itakayoeleweka humo. Kapeti nene kati ya spika na kochi, pazia zito upande mmoja na kochi la kitambaa hufanya kazi kuliko kubadilisha spika. Kuhusu mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari, hakuna ushauri zaidi ya kuahirisha filamu.

Tabora, usiweke boksi la mbao moja kwa moja sakafuni: mchwa huanzia chini, kwa ndani, nawe utagundua umechelewa. Stendi ya chuma ya sm 10 inaruhusu kukagua. Tundu la besi livalishe kipande cha neti ya mbu kwa ndani, maana panya hulipenda. Kigoma, acha sm 10 kati ya boksi na ukuta, na washa mfumo angalau mara moja kwa wiki wakati wa masika. Koni ya karatasi ikikaa na unyevu huota ukungu.

Hatua ya 7: Umeme, waya na upande

Risiva iliyotoka Japani ni ya V 100, ya Marekani ni V 120. Soketi yetu ni V 230, Hz 50. Soma bati la nyuma kabla ya kuchomeka. Transfoma ya kushusha iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa. Risiva ya omu 8 isipewe spika za mbele zinazozama chini sana. Infinity Kappa 9, kwa mfano, hushuka chini ya omu 2. Kwa spika za aina hiyo, toa mawimbi ya kushoto na kulia kwenye matundu ya "Pre Out", yapeleke kwenye amplifaya kubwa ya stereo, na risiva ibaki na ya katikati. Kitasa cha sauti cha amplifaya hiyo kibandike utepe kisiguswe, la sivyo mizani yote itavunjika.

Waya wa shaba wa mm² 2.5 unatosha hadi mita 10. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ongeza unene au urudishe.

Kupima upande wa chanya na hasi, gusisha betri ya V 1.5 kwa sekunde moja: chanya kwenye nyekundu. Wufa zote tatu zisogee mwelekeo mmoja. Angalizo kwa wenye JBL kongwe: nyingi hurudi ndani badala ya kutoka nje, kwa sababu kampuni ilitumia kanuni hiyo zamani. Ukiweka katikati JBL ya kisasa na ukafuata rangi tu, itakuwa kinyume, na sauti za kiume zitakonda. Geuza waya wa ile ya katikati.

Hatua ya 8: Menyu ya risiva

Spika ya katikati iwe "Small", yaani besi yake ihamishiwe kwingine, hata kama boksi ni kubwa. Krosova ya risiva, yaani masafa ambayo chini yake besi huhamishwa, anza na Hz 80. Kwa wufa za sm 10, Hz 120. Kama huna sabwufa, za kushoto na kulia ziwe "Large", na besi ya katikati itaenda kwao.

Pima kwa utepe umbali kutoka kila twita hadi sikioni. Kosa la sm 34 ni kosa la milisekunde 1. Viwango: simu kwenye kimo cha sikio, sauti ya majaribio ya risiva, spika zote tatu zisomeke sawa ndani ya dB 0.5. Simu isiyo sahihi haidhuru, kwani unalinganisha tu. Maneno yakiwa hafifu, ongeza katikati kwa dB 1 au 2. Ukizidisha hapo, muziki wa filamu unasinyaa kuelekea TV.

Vipimo vya kujiendesha vilivyomo ndani ya risiva, kama Audyssey, YPAO na MCACC, vitumike na feni na jenereta zikiwa zimezimwa, kisha ukague vilichoandika, hasa ukubwa wa spika na krosova. Ekolaiza ya mkono isizidi dB 3 kwenye bendi yoyote.

Mwishowe andika namba zote kwenye karatasi, umbali, viwango na krosova, uibandike chini ya risiva. Risiva nyingi za zamani hutunza kumbukumbu kwa kapasita ndogo, na umeme ukikosekana kwa siku nyingi zinarudi hali ya kiwandani bila kukuarifu.